Nani Alimwambia Karani?

“Imetendeka katika kijiji hiki, saa nne asubuhi. Amefika mwenyewe fulani, mkulima, mwenye umri wa miaka 30, pamoja na mashahidi wawili, akatuonyesha mtoto wa kiume…” Hati za kuzaliwa zilizoandikwa karne ya 19 katika upande wa Poland uliokuwa chini ya Urusi huanza hivyo, karibu neno kwa neno, ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto mwenyewe yupo pale, kabebwa, anaonyeshwa kama kielelezo mahakamani. Kisha yanafuata majina ya wazazi, jina la ubatizo na wasimamizi. Mwisho kabisa kuna maneno ambayo watafutaji wengi wa nasaba huyaruka: hati imesomwa mbele ya waliohudhuria, na imetiwa saini na sisi peke yetu, kwa kuwa wao hawajui kuandika.

“Sisi” ni padre. Baba alisema, padre akasikia, padre akaandika. Baba hakuweza kukagua kilichoandikwa; angeonyeshwa daftari angeona wino tu. Jina la ukoo ambalo kitukuu wake wa Chicago analitafuta leo, herufi kwa herufi, lilipita katika sikio la mtu mmoja asubuhi moja.

Kati ya miaka ya 1870 na Vita vya Kwanza vya Dunia, Wapolandi wapatao milioni mbili walihamia Marekani. Wengi walieleza sababu yao kwa maneno mawili, *za chlebem*, yaani kufuata mkate. Vizazi vyao sasa vinarudi kinyumenyume kupitia makaratasi, vikifanya kazi hiyo kwa bidii ya kustaajabisha, na bado wengi wanakwama palepale. Hawakwami kwa uvivu. Wanakwama kwa sababu wanaiamini karatasi kwa kuwa ni ya zamani na ina muhuri. Mimi nadhani swali la kwanza mbele ya karatasi yoyote lisiwe “inasema nini?” bali “nani alimwambia karani, na karani alikuwa anamwandikia nani?” Ukiuliza hivyo, daftari la kanisa na rejesta ya serikali huacha kuwa vitu viwili vinavyofanana.

Chukua hadithi maarufu kuliko zote: kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na afisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, aliyeshindwa kulitamka. Kuna familia zinaisimulia kama sala ya jioni. Lakini maafisa wa kituo kile, kilichofunguliwa Januari 1, 1892, hawakuwa na kazi ya kuwapa watu majina. Mkononi walikuwa na orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa na watu wa meli huko Hamburg, Bremen au bandari nyingine ya Ulaya, na walichofanya ni kumlinganisha mtu na mstari wake, mara nyingi kukiwa na mkalimani. Jina lilibadilika baadaye. Lilibadilishwa na msimamizi wa zamu kiwandani, au na mwalimu wa mtoto, au na mwenyewe alipoomba uraia, maana sheria ya 1906 ilimruhusu kuomba na jina jipya humohumo. Wengine walichoka tu kulitaja herufi moja moja kila dirishani.

Kwa nini basi hadithi haifi? Kwa sababu inamwondolea babu lawama. Kusema “walitunyang’anya” ni rahisi kuliko kusema “tuliliacha.”

Majina ya kwanza nayo yana vituko vyake. Wojciech, jina lililojaa vijijini, katika daftari la Kilatini huandikwa Adalbertus, kwa kuwa mtakatifu ni mmoja mwenye majina mawili. Akivuka bahari anaitwa Albert, wakati mwingine George. Stanisław anageuka Stanley, Czesław anakuwa Chester, Władysław anakuwa Walter. Mtafutaji anakusanya karatasi tatu za watu watatu, anahangaika kutafuta undugu wao, kumbe ni mwanamume mmoja aliyekuwa akiitwa tofauti kanisani, kazini na nyumbani.

Lakini jina, hata likivurugika, hupatikana. Kinachopotea kweli ni kijiji.

Poland iligawanywa mara tatu na jirani zake, Urusi, Prussia (dola ya Kijerumani) na Austria, 1772, 1793 na 1795, na baada ya hapo haikuwepo kwenye ramani mpaka Novemba 1918. Kwa hiyo mhamiaji wa mwaka 1900 alitoka katika nchi ambayo kisheria haikuwepo. Ndiyo maana mtu mmoja, katika sensa za Marekani zinazofuatana, anaweza kuwa mzaliwa wa Urusi, kisha wa Poland, kisha wa nchi nyingine tena, na wala hajahama mtaa. Karani wa sensa alitaka nchi, pengine na mkoa. Kijiji hakikumhusu. Isitoshe, hatujui aliyemjibu ni nani: baba mwenyewe, mkewe, mtoto aliyekuwa amerudi shule, au jirani. Sensa ya 1940 ndiyo iliyokuwa na adabu ya kuweka alama ya x ndani ya duara pembeni mwa jina la aliyetoa maelezo. Laiti na zile nyingine zingefanya hivyo.

Cheti cha kifo cha Marekani ni kibaya zaidi, na nashangaa kinavyoheshimiwa. Tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, jina la mama yake, mahali mama huyo alipozaliwa: vyote vimetajwa na mtoto aliyefiwa, pengine siku ileile, akimweleza mwenye kampuni ya mazishi habari za bibi ambaye hakuwahi kumwona. Karani aliandika kwa uaminifu mkubwa mambo ambayo msemaji alikuwa anayakisia.

Kwa upande wa pili wa mtaa kulikuwa na parokia. Parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka ya Chicago ilianzishwa 1867, na kabla ya karne kwisha ilikuwa miongoni mwa parokia kubwa kabisa Marekani nzima. Padre wake alizungumza Kipolandi. Bwana harusi alipotaja kijiji chake, padre alijua namna ya kukiandika. Na alikuwa na sababu ya kuuliza: kabla ya kufungisha ndoa ilimpasa ajiridhishe kwamba wawili hawa wamebatizwa na hawana ndoa nyingine ng’ambo. Swali “ulibatizwa wapi?” halikuwa udadisi, lilikuwa sharti. Karani wa serikali hakuhitaji kujua hayo ili kutoa leseni ya ndoa. Ndiyo sababu katika rejesta ya ndoa ya parokia ya wahamiaji mara nyingi unakuta kijiji au parokia ya nyumbani, wakati cheti cha serikali cha ndoa ileile kinasema “Russia” na kufunga mdomo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Wakatoliki wenzangu wataelewa haraka. Mwaka 1907 Vatikani ilitoa amri iitwayo Ne Temere, ikaanza kutumika Pasaka ya 1908, na ndani yake kulikuwa na agizo kwamba ndoa ikifungwa, habari ipelekwe parokia ya ubatizo ili iandikwe pembeni mwa jina la aliyebatizwa. Matokeo yake ni ya kupendeza. Unafungua daftari la ubatizo la kijiji cha Galicia, upande wa Poland uliokuwa chini ya Austria, unakuta mtoto wa mwaka 1889, na pembeni, kwa mwandiko wa padre mwingine na wino mwingine, kuna tarehe ya ndoa, jina la mke na neno Chicago. Si kila padre alituma barua, wala si kila aliyepokea aliandika. Lakini palipoandikwa, safari nzima ya mtu iko kwenye upana wa vidole viwili vya karatasi.

Vyama vya kusaidiana navyo visisahaulike. Umoja wa Kikatoliki wa Wapolandi wa Marekani ulianzishwa 1873, na Umoja wa Kitaifa wa Wapolandi 1880. Vilikuwa na bima ya maisha, na penye bima pana fomu, na penye fomu pana mtu anayetaka kujua fedha apewe nani. Njaa ya taarifa ya mtu wa bima ni nzuri kwa mjukuu.

Sasa tuseme kijiji kimepatikana. Hapo watu wengi hushangilia mapema. Kwanza, jina kama Nowa Wieś, yaani Kijiji Kipya, limetapakaa Poland yote kama Majengo ilivyotapakaa kwenye miji yetu. Pili, kijiji hakina daftari. Parokia ndiyo yenye daftari, na parokia inaweza kuwa kijiji cha tatu ng’ambo ya mto. Tatu, na hili ndilo zito, lazima ujue kijiji kilikuwa chini ya nani, kwa sababu kila mtawala alikuwa na namna yake ya kumtumia padre.

Kanisa lenyewe lilikuwa na desturi ya zamani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1563 ndoa ziandikwe daftarini, na kanuni za mwaka 1614 zikapanga namna ya kuandika ubatizo, ndoa na vifo. Padre wa wakati ule aliandika mistari miwili ya Kilatini na kufunga daftari. Alikuwa anaandika habari za sakramenti tu, na msomaji wake alikuwa askofu.

Kisha serikali ikagundua kwamba padre anajua kila mtu.

Austria iliwahi. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II aliyafanya madaftari ya parokia kuwa kumbukumbu za dola, yenye safu zilizochorwa: tarehe, namba ya nyumba, jina, dini, jinsia, mtoto wa ndoa au wa nje ya ndoa, wazazi, wasimamizi. Lugha ilibaki Kilatini. Ukiitazama safu ile ya namba ya nyumba unaona mara moja mkono wa serikali: nyumba zilipewa namba ili vijana wahesabiwe kwa ajili ya jeshi. Leo mtafutaji anaifurahia namba hiyo, maana inamwezesha kuzitenganisha familia mbili za jina moja ndani ya kijiji kimoja. Mimi kila nikiiona namkumbuka aliyeifurahia wa kwanza.

Upande wa Urusi historia yake imepinda zaidi. Napoleon alipounda Utawala wa Warszawa, ambao baadaye sehemu yake kubwa iliangukia mikononi mwa Urusi, sheria yake ya kiraia ilianza kufanya kazi 1808, na ilitaka usajili wa serikali kwa kila mtu. Makarani hawakuwepo vya kutosha, hivyo mapadre wakafanywa wasajili. Kwa miaka kadhaa, mpaka 1825, Myahudi aliyepata mtoto alikwenda kumwandikisha kwa padre Mkatoliki, na utamkuta humo, katikati ya wakulima waliobatizwa, ametia saini kwa Kiebrania. Nalisema hili makusudi, kwa sababu watu wakisikia “mhamiaji wa Poland” huwaza Mkatoliki peke yake, na hivyo mjukuu wa Myahudi au wa Mlutheri huacha kufungua daftari ambalo babu yake yumo. Kuanzia 1826 jumuiya zisizo za Kikristo zilipewa rejesta zao.

Hati za upande huu ni maelezo marefu, kama lile nililoanza nalo. Hadi 1868 ziliandikwa Kipolandi. Baada ya maasi ya 1863 kuzimwa, Urusi iliamuru Kirusi kitumike, na padre yuleyule aliyekuwa akiandika lugha yake akaanza kuandika kwa herufi za mshindi. Mara nyingi aliweka jina kwa Kipolandi ndani ya mabano, labda kwa ajili ya usahihi, labda kwa ajili ya moyo wake. Tarehe zikawa mbili, moja ya kalenda ya Urusi na nyingine ya Ulaya magharibi, zikipishana siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 kuanzia 1900. Nimeona watu wakigombana kuhusu siku ya kuzaliwa ya babu mmoja ilhali wote wawili wamenakili sawasawa kutoka ukurasa uleule.

Prussia ilimtoa padre kabisa. Oktoba 1, 1874, waziri mkuu wake Bismarck akiwa kwenye mvutano mkali na Kanisa Katoliki, ofisi za serikali zilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo, kwa Kijerumani, kwenye fomu za kuchapwa. Ni rekodi nadhifu na kavu. Lakini pale angalau utakuta vitabu viwili vya tukio moja, cha serikali na cha kanisa, na vikipishana, ndipo mahali pa kuchimba.

Katika mifumo yote hii, kitu ninachokiamini zaidi ni kile ambacho karani hakukifuatilia. Umri usiuamini, miaka 30 na 40 inatajwa mara nyingi mno kuwa kweli, watu walikuwa wakikisia. Tahajia usiiamini hata kidogo. Bali tazama nani alisimama kama shahidi, nani alimsimamia mtoto ubatizo, kazi ya baba imeitwaje. Neno *gospodarz* ni mwenye shamba lake. *Wyrobnik* ni kibarua wa siku. *Komornik*, kwenye hati za zamani, ni mtu asiye na ardhi aliyepanga kwenye nyumba ya mwenzake. Ukiona baba anaitwa gospodarz kwa mtoto wa kwanza na wyrobnik kwa mtoto wa tano, umeshaelewa kwa nini mtoto wa sita alizaliwa ng’ambo. Hakuna aliyekuwa na nia ya kukueleza hilo. Limeandikwa kwa bahati.

Jambo jingine wanaloliruka ni mama. Hati ya Poland humtaja na ukoo alikotoka: Marianna *z Nowaków*, yaani Marianna wa kina Nowak. Mtu asiyejua lugha hunakili “Nowaków” kama jina, halafu analitafuta miaka miwili. *Nowakowa* ni mke wa Nowak, *Nowakówna* ni binti Nowak. Kwa sisi tunaosema “mke wa” na “binti” hakuna cha ajabu hapo, ila wao wameuvika uhusiano huo kwenye mkia wa jina.

Kazi hii leo ni nyepesi kuliko miaka 30 iliyopita. Sheria ya Poland inataka ofisi za usajili zikabidhi hati za kuzaliwa kwenye hifadhi ya taifa baada ya miaka 100, na za ndoa na vifo baada ya miaka 80, na hifadhi hizo zimeweka mamilioni ya kurasa kwenye intaneti bila malipo. Wanachama wa Chama cha Nasaba cha Poland na watu wa kujitolea wameunda faharasa iitwayo Geneteka, ambapo unaandika jina na kupewa mwaka, parokia na namba ya hati. Nawavulia kofia. Lakini faharasa nayo ina karani wake: mtu wa kujitolea, usiku, akisoma mwandiko wa padre aliyechoka. Anayeishia kwenye faharasa bila kufungua picha ya ukurasa amemsikiliza karani wa pili na kumwacha wa kwanza.

Na kuna mahali ambapo hakuna ukurasa wa kufungua. Warszawa ilipoteza sehemu kubwa ya nyaraka zake kwa moto wa 1944. Orodha za abiria waliotokea Hamburg, tangu 1850, zimebaki kwa wingi. Za Bremen za miaka ya uhamiaji mkubwa hazipo, nyingi zilitupwa na wenyewe kwa kukosa nafasi ya kuziweka. Mtu anaweza kukosa babu yake kwa sababu kabati lilijaa.

Wengine walifika mpaka kwetu. Aliyewahi kupita Tengeru, karibu na Ziwa Duluti nje ya Arusha, huenda ameyaona makaburi ya Wapolandi, karibu 150, yaliyobaki kutoka kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1942 na kuhifadhi watu wapatao 5,000. Hawa hawakufuata mkate. Walikamatwa na Wasovieti mwaka 1940 na 1941 katika mikoa ya mashariki ya Poland, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatokea Iran pamoja na jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders, na kutoka huko wakasambazwa Tanganyika, Uganda, Kenya na kusini zaidi. Vijiji vyao leo viko Ukraine, Belarus na Lithuania. Sehemu ya madaftari yao iko Warszawa, kwenye hifadhi kuu ya nyaraka za kale, sehemu imebaki huko huko, na mtafutaji lazima abishe hodi katika nchi mbili au tatu kwa ajili ya bibi mmoja.

Mwaka 1949 watoto zaidi ya 120 wa Tengeru, mayatima na waliopotezana na wazazi, walipelekwa Kanada wakiwa na padre Mfransisko, Lucjan Królikowski, huku serikali ya kikomunisti ya Poland ikipiga kelele kwamba ni watoto wake na wameibiwa. Walipita Italia, wakavuka Ujerumani kwa treni, wakapanda meli Bremerhaven, bandari ileile ambayo wakulima wa 1890 waliondokea, na Septemba wakashuka Halifax. Orodha ya abiria iliandikwa kama kawaida, jina, umri, mahali pa kuzaliwa, ila kwa wengi wao hapakuwa na baba wala mama wa kumwambia karani.